Jioni Meneja Alipozidiwa

Sadalla wa Kigombe alikuwa na msemo ambao majirani zake wote walikuwa wameshauchoka: "Mimi na yule mbwa hatuna ujamaa." Aliusema dukani, aliusema barazani, aliusema hata mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Na mara nyingi, alipokuwa akiusema, mbwa mwenyewe alikuwa amejilaza kando ya kiti chake, kidevu juu ya miguu ya mbele, anamsikiliza kwa utulivu kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari.

Mbwa huyo aliitwa Meneja. Mwenye mbwa alikuwa Bibiana, mjane wa kanisani aliyepakana na Sadalla kwa ua wa makuti. Babu yake Bibiana aliletwa Tanga na mkonge, kutoka Songea huko, na yeye mwenyewe alikulia kambini, katikati ya mashamba. Akiulizwa kwa nini mbwa wake kampa jina lile, alijibu kwamba utotoni mwake meneja alikuwa mtu wa kukaa kivulini akiwatazama wenzake wakifanya kazi, na kunyanyuka chakula kikija. "Sasa mtazame huyu," alisema, "uniambie wametofautiana wapi."

Imakulata, binti yake Bibiana aliyeolewa Soni, alipojifungua, mama mtu akafunga safari ya milimani kwenda kumlea mzazi. Ikabaki habari ya mbwa. Kabla jirani mwingine hajafungua kinywa, Sadalla akawa keshasema, "Mwache hapa."

Bibiana akamtazama. Sadalla akakohoa. "Si kwa ajili yake. Ni haki ya ujirani tu. Amana ni amana."

Akaweka masharti, na aliyaweka kwa sauti ili ukuta nao usikie. Mbwa atakula kwenye sufuria yake kuukuu, isichanganywe na vyombo vya nyumba. Hatakanyaga barazani wanaposalia. Hatalamba mtu. Hasina, mke wa Sadalla, aliitikia kila sharti kwa kutikisa kichwa, kisha akakaa dirishani kutazama yatadumu siku ngapi.

Hayakudumu. Siku ya kwanza Meneja alipewa ugali na dagaa. Siku iliyofuata dagaa wakageuka vichwa vya samaki changu, kwa maelezo kwamba vingetupwa. Baadaye changu wakaja na miili yao. Alfajiri moja Hasina akamsikia mumewe uani, anasema kwa sauti ya chini, "Wewe kiumbe, umelalaje? Mbu hawakukusumbua?"

Hasina akafungua dirisha. "Baba Mboni, mimi mwaka wa ngapi huu hujaniuliza nimelalaje?"

Sadalla akajifanya anaokota kuni.

Basi Jumamosi moja, Bibiana amebakiza siku moja arudi, Sadalla alitoka msikitini baada ya alasiri. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kwa kuwa usiku kulikuwa na hitima na yeye ni mtu wa kamati ya msikiti. Akapita uani kumtazama mbwa, kwa kupita tu. Hakumwona. Akaita. Kimya. Akapiga mluzi.

Meneja akatokea kwenye minazi ya Bibiana, lakini alikuja mshazari kama kaa. Miguu ya mbele ilikuwa inakwenda jikoni, ya nyuma inakwenda barabarani. Akagonga ndoo, akaisogelea na kuinusa kana kwamba anaiomba radhi, akajaribu kuketi, makalio yakateleza. Mate yalikuwa yanamtiririka. Akamtazama Sadalla kwa jicho moja, la pili likiwa limekataa kufunguka, kisha akaanguka ubavu, puu, kama dafu.

"Mama Mboni!" Sadalla alipiga ukelele. "Mama Mboni njoo, mbwa anakufa!"

Hasina akatoka mikono imejaa unga. Alikuwa na neno la kumtania mumewe, lakini alipoona uso wake akalimeza. Wakainama wote wawili. Meneja alikuwa anapumua kwa kuvuta, ulimi uko nje, na miguu yake ya nyuma imelegea kama ya mwanasesere.

Kelele zile zilimleta Zubeiri, mchuuzi wa samaki, jirani wa upande wa pili. Zubeiri alikuwa mtu wa kujua mambo haraka kabla hayajachunguzwa. Akatazama toka mbali, akashika kiuno.

"Mate hayo! Hicho kichaa cha mbwa. Msimkaribie. Ngoja nikalete rungu."

Maneno "kichaa cha mbwa" hayahitaji kupigiwa mbiu. Muda si muda ua ukajaa watu, kila mmoja kasimama nyuma ya mwenziwe. Zubeiri alirudi na rungu, na mwingine akaja na mchi wa kinu.

Sadalla akasimama mbele ya mbwa, akatandaza mikono mpaka kanzu ikawa kama tanga. "Sikilizeni nyote. Huyu ni amana. Mama Imakulata kaniachia mzima, na nitamrudishia mzima. Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

"Sadalla, yakhe, mbwa huyo akikung'ata utakufa unabweka," alisema Zubeiri.

"Nitakubwekea wewe wa kwanza."

Wakati huohuo Meneja, kule chini, akatikisa mkia mara moja kwa uvivu, akatoa kwikwi. Ilikuwa kwikwi kubwa, iliyomtikisa mwili mzima. Ikafuata nyingine.

Hasina akainua kichwa. "Kichaa chenye kwikwi mimi sijapata kukisikia. Na huyu kachanjwa. Dokta Loveness alipokuja kuwachanja pale shuleni, mimi mwenyewe nilimwona Bibiana kamburura na kamba."

Rungu likashuka kidogo. Lakini ugonjwa ulikuwa haujapata jina, na mgonjwa alikuwa anazidi kulegea. Mmoja akashauri apewe maziwa. Mwingine akasema ndimu na chumvi. Zubeiri, ambaye hakupenda kukaa bila shauri, akasema mafuta ya taa. Ofisi ya mifugo ilikuwa na kufuli tangu jana, na hata mbuzi wa kata walijua kwamba Jumamosi jioni haifunguliwi. Hasina akakimbilia ndani kuchukua simu. Namba ya Dokta Loveness alikuwa nayo kwa ajili ya mbuzi wake.

Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Mara ya tatu ikapokewa, na sauti ya kwanza kusikika ikawa ya tarumbeta.

"Dokta!" Sadalla alimnyang'anya mkewe simu. "Dokta, Meneja kazidiwa!"

"Meneja gani? Wa hoteli?"

"Wa Bibiana! Wa Kigombe! Kaanguka, miguu haina nguvu, mate yanamtoka!"

"Mzee sikusiki… niko harusini, mimi ndiye msimamizi wa bibi harusi… siwezi kutoka, mleteni! Ukumbi ule wa njia ya kuingilia mjini, wenye taa za rangi. Msimpe kitu kinywani, mmenisikia? Chochote!" Tarumbeta likammeza.

Zubeiri akaificha nyuma ya mgongo chupa ya mafuta ya taa aliyokuwa tayari ameifungua.

Sadalla alikuwa na guta, pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, aliyobebea nazi kupeleka mjini. Akaisogeza mpaka langoni. Sasa ikaja kazi ya kumpakia mgonjwa. Sadalla alisoma chuo cha Kurani utotoni, na sheria aliijua vizuri: mbwa mkavu hana neno, mbwa mbichi ana mambo yake, kuoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Na Meneja alikuwa mbichi kuanzia masikioni mpaka kifuani. Hasina aliliona tatizo hilo kabla halijasemwa, akakimbilia stoo kutafuta gunia na turubai.

Aliporudi, hakuwa na wa kumpa gunia. Sadalla alikuwa keshapiga magoti na kumbeba Meneja kifuani kama mtoto, kichwa cha mbwa kinaning'inia begani, mate yanashuka juu ya kanzu ya hitima.

"Baba Mboni, kanzu!"

"Kanzu itafuliwa. Maji yapo, udongo upo. Panda!"

Siku zote Sadalla aliendesha guta lake kana kwamba nazi zile ni mayai. Jioni ile lilikwenda likiruka. Hasina alikaa nyuma kwenye bodi, kalikunja gunia mapajani, kichwa cha Meneja kiko juu ya gunia, mkono mmoja kashika ukingo na wa pili kashika mtandio. Walipopita Tongoni, watu waliokuwa wanarudi shamba walikimbilia majanini.

"Anapumua?" Sadalla aliuliza bila kugeuka.

"Anapumua."

"Vipi?"

"Anakoroma."

"Kukoroma kwa kukata roho au kwa usingizi?"

"Baba Mboni, nimelala na mkoromaji tangu niolewe. Huko ni kwa usingizi."

Hilo halikumtuliza. Akawa anasema na mbwa kwa sauti, amesahau kwamba nyuma kuna mke. "Vumilia, bwana. Tumefika sasa hivi. Ukipona, kesho ni changu mzima. Hata kolekole. Lakini usinifanyie hivi, mama yako nitamwambia nini?" Hasina alisikiliza yote. Kolekole, samaki wa bei, yeye mwenyewe alikuwa hajamwonja tangu Idi. Hata hivyo akalisogeza gunia vizuri chini ya kichwa cha mbwa, maana sauti ya mumewe ilikuwa inatetemeka, na si kwa ajili ya mashimo ya barabara tu.

Simu ikaita. Sadalla akasimama pembeni, akatazama kioo. Alikuwa Bibiana.

"Jirani, hamjambo huko? Mimi kesho nateremka. Mjukuu mzuri, ana mashavu! Meneja hajambo?"

Sadalla akageuka kumtazama Meneja. "Amelala," akasema.

"Jioni hii? Mbona nasikia upepo, uko wapi?"

"Upepo… upepo wa pwani huu, mama Imakulata. Umevuma leo."

"Haya, mwambie namsalimu."

Hasina alikuwa anamtazama mumewe kwa macho ambayo mtu aliyeoa anayafahamu. Sadalla akarudisha simu mfukoni, kisha akageuka nyuma na kusema, "Mama anakusalimu." Meneja akajibu kwa kwikwi. Wakaondoka.

Walifika ukumbini magharibi inakaribia. Taa za rangi zilikuwa zinawaka na kuzima, gari la maharusi limepambwa maua, na langoni kulikuwa na mlinzi mwenye suti iliyomzidi mabega.

"Kadi zenu?"

"Hatuna kadi, tuna mgonjwa," alisema Sadalla. "Mwite Dokta Loveness, upesi. Mwambie Meneja ameletwa, kazidiwa, hajitambui."

Mlinzi alisikia "meneja" na "hajitambui", basi. Akatimka mbio ndani. Haukupita muda, kipaza sauti kikalia na mshereheshaji akasema kwa sauti nzito ya msiba, "Ndugu wageni waalikwa, tunaomba utulivu. Tunamwomba daktari yeyote aliyemo humu afike langoni. Meneja wa ukumbi wetu amezidiwa!"

Wakamiminika. Mbele yao wote alikuja meneja mwenyewe wa ukumbi, bwana Idarusi, mnene, jasho linamtoka, leso mkononi, anauliza kwa hasira ni nani aliyesema yeye ni mgonjwa. Nyuma yake alikuja mkewe, kiatu kimoja mguuni, analia, "Idarusi wangu mimi! Nilikwambia usile ile biriani!" Alipomwona mumewe amesimama mzima, badala ya kufurahi akampiga kofi la bega kwa kumtia hofu.

Nyuma ya wote akaja Dokta Loveness. Sadalla alimzoea akiwa na buti za mpira na koti la kijani, kamkandamiza mbuzi kwa goti. Sasa alikuwa na gauni la zambarau linalometameta, kope za kubandika na kucha ndefu za rangi ya dhahabu, viatu kavishika mkononi.

"Shikamoo mzee Sadalla."

"Marahaba mwanangu, harakisha."

Mtu akatumwa garini kuchukua mkoba wake. Loveness akapanda kwenye bodi ya guta akiwa na gauni lake, akapiga magoti juu ya gunia, akaagiza wenye simu wamulike. Simu zikamulika kama nyota. Akafungua jicho la mbwa, akabonyeza ufizi, akaweka kipimo kifuani na kusikiliza kwa muda mrefu. Kucha zikamsumbua, akazibandua mbili kwa meno na kuzitema pembeni. Kisha akainama karibu na kinywa cha Meneja. Akanusa. Akainuka, akamtazama Sadalla, akainama akanusa tena.

"Mzee, huyu leo alikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nyumbani kwako anakunywa nini?"

"Maji ya kisima. Safi kabisa."

"Basi kisima hicho watu wa humu ndani watakitaka." Akajifuta mikono. "Amelewa, mzee. Amekunywa tembo la mnazi, tena si kidogo. Huyu kalewa chakari."

Bwana Idarusi akaanza kucheka, tumbo lake likaanza, mabega yakafuata, na kicheko kikaenea langoni kote mpaka mpiga tarumbeta akashindwa kushika chombo chake. Sadalla alikuwa mtu ambaye hata kivuli cha mnazi wenye kibuyu cha mgema alikizunguka. Sasa alikuwa amesimama mbele ya harusi nzima na kanzu imelowa, analaumiwa kulewesha mbwa.

"Astaghfirullah," alisema. "Mbwa wa watu! Nyumbani kwangu!"

Loveness hakucheka. "Punguzeni kelele jamani. Pombe kwa mbwa si mzaha. Mwili unapoa, sukari inashuka, pumzi inaweza kukatika. Mngechelewa, au mngemnywesha kitu akapaliwa, tungekuwa tunasema mengine. Nataka blanketi, na kitu kirefu cha kutundikia dripu."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akavua shali yake ya harusi akaitoa. Mshereheshaji akakimbilia ndani, akarudi na kile chuma cha kusimamishia kipaza sauti. Dripu ikatundikwa pale, sindano ikaingia mguu wa mbele, na matone yakaanza kushuka. Sadalla akakaa kwenye ukingo wa bodi, mkono wake juu ya kichwa cha mbwa, kwenye lile sikio lililoanguka. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ujamaa wao.

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Zubeiri, na alikuwa anapumua kama anayekimbia.

"Sadalla! Huku kuna kesi! Luka mgema aliacha ndoo ya tembo chini ya minazi ya Bibiana, akapanda kugema. Kashuka kaikuta nusu, mfuniko uko kule. Anamsaka mwizi na kotama yake ya kugemea mkononi, na ananitazama mimi!"

"Mwambie Luka mwizi amepatikana."

"Ni nani?"

"Yuko kwenye dripu."

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka mjini. Sadalla akainuka, akajitazama. Kwa nguo ile hawezi kusali. Bwana Idarusi, ambaye sasa alikuwa amejaa huruma kama alivyojaa kicheko, akamshika mkono, akampeleka kwenye bomba la nyuma na kumchotea udongo kwenye chungu cha maua. Sadalla akaosha mikono, shingo na kifua, mara saba kwa utaratibu wake, Idarusi akimhesabia kwa sauti kama mwamuzi. Nguo safi ikatafutwa. Iliyopatikana ilikuwa shati moja la kitenge cha rangi ya machungwa lililobaki katika sare za harusi, na msuli wa kujifunga kiunoni, wa dereva wa basi la wageni. Akasalia ofisini kwa Idarusi, na katika dua zake aliongeza moja ambayo hakumwambia mtu.

Alipotoka, alikusudia kurudi kwa mgonjwa moja kwa moja. Lakini njia ilipita ukumbini, na mshereheshaji alikuwa anaita, "Wajomba wa bibi harusi, wajomba, mbele na zawadi!" Mzee mmoja mwenye shati kama lake akamwona, akamshika kiwiko. "Mjomba, twende, tumepungua!" Sadalla akafungua kinywa aeleze. Tarumbeta likalia. Kufumba na kufumbua alikuwa amebeba pembe moja ya friji, anakwenda mbele akiyumba kwa mwendo wa wimbo pamoja na wajomba wengine, ukumbi unashangilia, bibi harusi anamkumbatia kwa machozi. Hasina aliyaona yote kutoka kwenye guta pale langoni, kupitia mlango wa ukumbi uliokuwa wazi, mkono mmoja umeshika dripu isiyumbe. Akapiga kigelegele kilichosikika barabarani.

"Umenipigia kigelegele!" Sadalla alimlaumu aliporudi, jasho linamtoka.

"Nimpigie nani? Ndiye mume niliyepewa."

Meneja akafungua jicho moja. Akalizungusha, akaliona lile shati la machungwa, halikumpendeza, akalifumba. Kisha akatoa ulimi taratibu, akaulamba mkono wa Sadalla, mkono uleule uliotoka kuoshwa. Hasina akangoja mumewe auondoe. Hakuuondoa.

Loveness aliwaruhusu wakati watu wanaanza kukata keki, hitima ya Kigombe ikiwa imeshapita. "Kesho atakuwa na kichwa kizito kama walevi wote. Mpeni maji kidogo kidogo, akae kivulini, na msimpigie kelele."

"Na hukumu yake?" Sadalla aliuliza.

"Hukumu ya nini, mzee?"

"Ya ulevi."

"Hiyo mwachie mwenye mbwa," alisema Loveness, akarudi ndani na kucha zake nane.

Jumapili asubuhi Sadalla aliosha guta, mara sita kwa maji na mara moja kwa udongo, na Hasina akafua kanzu kwa hesabu hiyohiyo. Meneja alilala chini ya mkungumanga wa uani, paji la uso limekunjamana, akigutuka kila jogoo alipowika. Luka mgema alipita kumjulia hali. Alikuwa amekuja kulalamika, lakini alipomwona mgonjwa alivyoinama, akasimama na kutikisa kichwa kwa heshima ya mtu aliyeyapitia. "Pole mwenzangu," akamwambia mbwa.

Sadalla akawa anapanga maneno ya kumwambia Bibiana. Aliyapanga tangu alfajiri, akayabadilisha, akayapanga upya. Kazi bure. Bibiana aliposhuka kwenye basi, kijana wa bodaboda alimpa habari ya kwanza, muuza vitumbua akamwongezea ya pili, na kufika nyumbani alikuwa anajua yote yaliyotokea na mengine yasiyotokea, kwa mfano kwamba Meneja alicheza muziki na bibi harusi. Aliingia uani machozi yanamtoka kwa kucheka, akajitupa chini, akamkumbatia mbwa wake mpaka mbwa akaguna kwa maumivu ya kichwa.

"Mama Imakulata," Sadalla alianza, macho chini. "Jana uliponipigia nilikuficha. Nilisema amelala. Niwie radhi."

"Si alikuwa amelala kweli?" Bibiana akajifuta macho kwa kanga. Akamtazama jirani yake, na kicheko kikaondoka usoni pake. "Nimeambiwa ulisimama mbele ya rungu."

"Rungu la Zubeiri, mama. Hata yeye mwenyewe analiogopa."

Hasina akaleta chai na mkate wa kumimina, wakakaa kwenye jamvi. Bibiana akaeleza habari za mjukuu, halafu akaeleza jambo alilolijia. Imakulata alimwomba arudi Soni akakae mpaka mtoto apate nguvu, huenda mpaka mvua za vuli. Naye amekubali. Safari hii atamchukua na Meneja, asiwape watu taabu tena.

Sadalla akaweka kikombe chini. "Soni?"

"Soni."

"Kule kuna baridi."

"Mbwa wapo Soni, baba Mboni. Nimewaona."

"Wale wamezaliwa kulekule, wana manyoya. Huyu manyoya yake ya pwani, mepesi. Na njia ile ya milimani yenye kona, tumbo lake bado halijatulia." Akafikiri. "Halafu atakula nini? Kabichi? Karoti? Huyu bila samaki hasikii raha. Mimi sisemi kwa ajili yangu. Nasema kwa afya yake tu."

Bibiana akamgeukia Hasina. Hasina alikuwa anakata mkate, uso mkavu kabisa.

"Mwache hapa, mama Imakulata," akasema. "Ukimchukua huyu, nitabaki na mgonjwa mwingine ndani, na wa aina hiyo Dokta Loveness hatibu."

Bibiana akaondoka siku chache baadaye na mizigo yake, na dagaa wa kuwapelekea wakwe. Jioni ileile Sadalla alianza kujenga kibanda cha makuti kwenye mpaka wa viwanja viwili. Mlango aliuelekeza upande wa Bibiana, kwa heshima ya mwenye mbwa. Lakini upande wake mwenyewe akatoboa dirisha, la kimo cha mtu aliyechuchumaa. Zubeiri alipopita akauliza tangu lini mbwa wakawekewa madirisha, naye akajibiwa ashike njia yake, upepo wa pwani haumchagui mtu.